Post Office Savings Bank (filamu)

Post Office Savings Bank (yaani "Benki ya Akiba ya Posta") ilikuwa filamu fupi ya wizi na mafunzo iliyotengenezwa mwaka 1935 huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika (leo Mkoa wa Tanga, Tanzania). Ni mojawapo ya filamu 35 za mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment (1935–1937), ulioongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa ufadhili wa shirika la Carnegie la New York.

Hadithi

Vibarua wawili wa shamba wanapokea mshahara. Mmoja anaweka fedha zake katika benki ya posta, mwenzake anazifukia ardhini. Mwizi anamwona, kisha anakuja kuzifukua. Fundisho ni kuweka akiba benki, lakini anayeisukuma hadithi ni mwizi. Mtu anayeweka fedha posta hana mengi ya kutazamwa.

Sauti

Picha zilipigwa bila sauti kwa mkanda wa milimita 16, na maneno yakarekodiwa kwenye sahani za santuri. Kwa kubadilisha sahani tu, picha zilezile ziliweza kuzungumza Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba mkanda ukikatika na kuungwa tena, picha kadhaa hupotea, ilhali santuri haipungui. Basi maneno huachana na vitendo. Waigizaji walikuwa wenyeji wasiosomea uigizaji.

Filamu za mradi zilisafirishwa kwa lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na Unyasa (leo Malawi), ng'ambo ya ziwa kutoka pwani ya Ruvuma.

Urithi

Mradi ulikoma mwaka 1937 kwa kukosa fedha. Filamu 3 tu kati ya zote ndizo zinazojulikana kuhifadhiwa, na hii si mojawapo. Habari zake zinatokana hasa na kitabu cha Notcutt na Latham, The African and the Cinema (1937). Kwa hiyo kinachosomwa leo ni maelezo ya wakuu wa mradi. Sauti za waigizaji zilikuwa kwenye santuri.

Katika miaka ya 1950 Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Ruvuma na baadaye Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu, filamu ya Kiswahili iliyotengenezwa Tanganyika.