Riba sahili na eneo la nyuso katika mazoezi ya hesabu

Riba sahili ni malipo anayotoza mkopeshaji juu ya fedha alizotoa, yakikokotolewa kwa mtaji ule ule wa mwanzo muda wote wa deni. Eneo la nyuso ni jumla ya maeneo ya pande za umbo lenye urefu, upana na kimo. Vitabuni mada hizi hukaa sura mbalimbali. Kwa mwanafunzi wa Sugoi, katika eneo bunge la Turbo, kaunti ya Uasin Gishu, hukutana uani kwao: mahindi hupandwa kwa mbolea ambayo mara nyingi ni ya mkopo, kisha huanikwa katika ghala la mbao na waya. Tena hukosewa mahali pamoja, kabla ya tarakimu ya kwanza kuzidishwa, pale mwanafunzi anapotakiwa kuamua kipi kihesabiwe na kipi kiachwe.

Kanuni ya riba sahili ni fupi: mtaji huzidishwa kwa kiwango cha riba na kwa muda, kisha jibu hugawanywa kwa 100. Ugumu wake umo katika muda. Kiwango kikitolewa kwa mwaka, muda nao sharti uwe miaka. Mkulima akikopa shilingi 60,000 mwezi Machi kwa ajili ya mbegu na mbolea, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, akalipa Desemba baada ya kuvuna, muda ni miezi 9, yaani 9/12 ya mwaka. Riba ni 60,000 × 12 × 9, ukigawanya kwa 100 × 12: shilingi 5,400. Atarudisha 65,400. Mwanafunzi anayeandika 9 bila kugawanya kwa 12 hupata riba ya shilingi 64,800, kubwa kuliko mkopo wenyewe, kwa msimu mmoja tu wa mahindi. Jibu la namna hiyo lapasa kumsimamisha mwandishi wake. Hata sheria ya benki ya Kenya, tangu mwaka 2007, huzuia riba ya mkopo uliokwama isizidi mtaji uliokuwa haujalipwa mkopo ulipokwama.

Muda ukiwa siku, kigawanyo huwa 365. Mfano ulio karibu ni Hustler Fund, mfuko uliozinduliwa na Rais William Ruto, ambaye nyumbani kwake ni Sugoi, tarehe 30 Novemba 2022. Mkopo wake wa mtu binafsi ulianza na riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14. Aliyekopa shilingi 1,000 na kulipa siku ya mwisho anadaiwa riba ya 1,000 × 8 × 14 ÷ 36,500, yaani takriban shilingi 3.07. Wengi hutarajia shilingi 80, kwa kuwa wameisoma asilimia 8 kana kwamba ni ya mkopo mzima. Asilimia 5 ya mkopo huo inayokatwa na kuwekwa akiba si riba, na haiingii katika kanuni. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu iliyoanza mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30: shilingi 75 kwa kila 1,000. Ili kulinganisha mikopo hiyo miwili, ada ya M-Shwari huzidishwa kwa 365 na kugawanywa kwa 30, nayo hufikia asilimia 91.25 kwa mwaka. Hakuna zoezi la darasani linalofaa kijana wa Kenya kuliko hili, maana simu anayotumia mzazi wake inayo mikopo ya aina zote mbili.

Maswali mengine hugeuza kanuni. Mtu aliyekopa 15,000 na kulipa 16,800 baada ya miezi 8 ametozwa kiwango gani? Kwanza hutolewa mtaji: riba ni 1,800, wala si 16,800. Kisha 1,800 × 100 hugawanywa kwa 15,000 × 8/12, na jibu ni asilimia 18 kwa mwaka. Mikopo ambayo riba yake huhesabiwa kwa salio linalopungua, kama ilivyo kwa vyama vingi vya akiba na mikopo, haifuati kanuni hii. Wala riba inayozaa riba.

Katika eneo la nyuso, kinachopotea ni upande. Tangi la mabati la mche duara lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 2 lina ubavu wa 22/7 × 1.4 × 2 = mita za mraba 8.8. Kitako, kwa nusu kipenyo 0.7, ni 1.54. Tangi lenye mfuniko lahitaji 11.88, lililo wazi juu, 10.34. Likipakwa rangi likiwa limekaa chini, kitako hakifikiwi na brashi, hivyo hata lenye mfuniko hupakwa 10.34 pekee. Anayechukua kipenyo badala ya nusu kipenyo huongeza ubavu mara mbili na kitako mara nne, ndiyo maana kosa hilo haliwezi kusahihishwa kwa kugawanya jibu la mwisho kwa mbili. Vipimo vinavyogawanyika kwa 7 huashiria 22/7, vinginevyo 3.142 hutosha.

Ghala la mahindi ni mche mstatili. Lenye urefu wa mita 4, upana wa 1.5 na kimo cha 2 lina nyuso za jumla ya mita za mraba 34, lakini waya hufungwa kwenye kuta nne tu: 2 × (4 + 1.5) × 2 = 22. Wembamba wake una sababu. Ghala la mita 3 kwa 2, kimo kile kile, hubeba mita za ujazo 12 sawasawa na hili, ila kuta zake ni 20, na muhindi wa katikati uko mita 1 kutoka penye upepo badala ya 0.75. Mahindi yasiyokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 hukataliwa na bodi ya nafaka, na huweza kushika kuvu yenye sumu. Eneo kubwa la ukuta kwa ujazo ule ule ndilo linaloyakausha.

Mada zote mbili zaweza kuja katika swali moja. Waya wa ghala hilo ukiuzwa shilingi 400 kwa mita ya mraba, gharama ni 22 × 400 = 8,800. Fedha hizo zikikopwa kwa asilimia 10 kwa mwaka kwa miezi 6, riba ni 440, na deni lote 9,240. Aliyetumia 34 atakopa 13,600 na kurudisha 14,280: shilingi 5,040 zaidi, kwa waya wa sakafu na paa ambao fundi hatautumia.