Miaka 60 ya dawa ya kifafa katika tiba ya mania

Mwaka 2026 imetimia miaka 60 tangu daktari wa akili Pierre Lambert wa hospitali ya Bassens, karibu na mji wa Chambéry nchini Ufaransa, alipochapisha pamoja na wenzake taarifa kwamba dawa mpya ya kifafa iitwayo valpromaidi iliwatuliza pia wagonjwa wenye mania. Mania ni ule upande wa ugonjwa wa bipola ambapo mtu huchangamka kupita kiasi kwa siku nyingi mfululizo, hukosa usingizi bila kuhisi uchovu, husema bila kituo na hutumia mali yake bila hesabu, kabla au baada ya kuangukia upande wa pili, ambao ni huzuni nzito. Kumbukumbu hiyo ya Ufaransa inaihusu moja kwa moja Namoto, kituo cha mpakani katika wilaya ya Palma nchini Msumbiji kinachotazamana na Kilambo ya Mtwara ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa sababu sehemu za namna hiyo, zilizo mbali na maabara kubwa, ndizo zinazozitegemea zaidi dawa za kifafa katika kutibu mania.

Kabla ya hapo tiba iliyoaminiwa ilikuwa lithiamu, chumvi ambayo John Cade wa Australia aliieleza mwaka 1949 kuwa hutuliza mania. Hata leo hakuna dawa iliyoishinda katika kuzuia ugonjwa usirudi, ila kiwango chake kinachotibu kinakaribiana mno na kile kinachodhuru, hivyo mgonjwa hulazimika kutolewa damu mara kwa mara, saa 12 baada ya kumeza kidonge cha mwisho, ili ipimwe.

Kisa cha mji wa Grenoble, kilichomfikishia Lambert dawa yake, kinastahili kusimuliwa kwa kirefu. Asidi ya valproiki ilitengenezwa mwaka 1882 na mkemia Mmarekani Beverly Burton, kisha kwa miaka 80 haikujulikana kuwa dawa ya ugonjwa wowote. Ilikuwa kimiminika cha maabara cha kuyeyushia vitu vilivyokataa kuyeyuka katika maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti kijana, Pierre Eymard, alikuwa ametengeneza michanganyiko kadhaa itokanayo na kelini, kiini cha mmea uliotumika Misri tangu kale kutibu maumivu ya njia ya mkojo. Michanganyiko hiyo haikuyeyuka majini, ikayeyushwa kwa asidi ya valproiki na kujaribiwa kwa wanyama waliochochewa degedege. Kila mchanganyiko ulizuia degedege, uwe huu au ule, jambo lililowatatiza watafiti, kwa kuwa vitu vyenye maumbile tofauti havitarajiwi kutoa jibu moja. Ni sawa na mpishi anayebadilisha samaki kila siku na kusifiwa kila siku kwa ladha ileile, mpaka atambue kuwa ladha imo ndani ya tui. Kiyeyushi kilipojaribiwa peke yake, kikazuia degedege vilevile. Mwaka 1963 watafiti hao, Meunier, Carraz na wenzao, walichapisha matokeo hayo, na mwaka 1967 chumvi ya asidi hiyo, valproeti, ikaanza kuuzwa Ufaransa kama dawa ya kifafa. Valpromaidi ya Lambert ni ndugu yake wa karibu, kwani ikishaingia mwilini hugeuka kuwa asidi hiyohiyo.

Kutoka Ufaransa uzi huu unahamia Japani, ambako lithiamu haikuidhinishwa hadi mwaka 1980, na ambako madaktari, Teruo Okuma akiwa miongoni mwao, walianza mapema miaka ya 1970 kuwapa wagonjwa wa mania kabamazepini, dawa ya kifafa iliyotengenezwa Uswisi na Walter Schindler mwaka 1953. Nchini Marekani Robert Post aliipa desturi hiyo nadharia: kama vijiti vidogo vinavyokoleza moto jikoni, vichocheo vidogo vinavyojirudia huuzoesha ubongo kushika degedege kwa urahisi zaidi, na huenda vipindi vya mania hujirudia kwa njia hiyo. Nadharia hiyo ilivutia, lakini haikuthibitika kuwa sheria, kwani gabapentini, ambayo nayo ni dawa ya kifafa, haikuweza kutuliza mania.

Mwanahistoria David Healy, katika kitabu chake *Mania* cha mwaka 2008, anatilia mkazo biashara: kampuni ya Abbott iliweza kupata hataza mpya kwa kuchanganya asidi ya valproiki na chumvi yake, ikaruhusiwa mwaka 1995 kuuza mchanganyiko huo kwa ajili ya mania, na jina la "kiimarisha hisia" likaenea kwa nguvu za matangazo. Mkazo huo ni wa haki, kwa kuwa Lambert alikuwa ameliona jambo lenyewe miaka 29 kabla, kwa Kifaransa, na wachache walimsikiliza.

Tukirudi upande wa Namoto, nchini Msumbiji, ambako hospitali za magonjwa ya akili zinazojulikana ni Infulene ya Maputo na ile ya Nampula, zote mbali sana na Namoto, wahudumu wa ngazi ya kati wenye mafunzo ya tiba ya akili ndio wanaobeba mzigo wilayani. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, viliwatawanya watu waliohitaji kumeza dawa kila siku bila kukosa, na ni aibu kwamba katika misaada ya dharura afya ya akili huwekwa nyuma ya kila kitu. Vidonge vya kabamazepini havihitaji kipimo cha lithiamu, lakini vina masharti yao: hupunguza nguvu za vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, na pia hupunguza kiwango cha dolutegraviri, dawa ya VVU inayotumika sana Msumbiji, hivyo mgonjwa anayetumia zote mbili huhitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku.

Zito kuliko yote ni suala la valproeti kwa wanawake. Mtoto aliyeipata tumboni ana uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kuzaliwa na kasoro za maumbile, na kati ya asilimia 30 na 40 ya watoto wote walioipata hivyo hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilisisitiza mwaka 2023 kwamba dawa hiyo isitumiwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Mwanamke anayeitumia sasa, awe Namoto au Kilambo, asiiache ghafla, kwa kuwa mania au kifafa vinaweza kurudi kwa nguvu. Aende na kidonge chake mkononi kwa mhudumu wa afya, amwulize jina la dawa hiyo na aombe kubadilishiwa.