"Affray": Hofu Iliyoachwa Njiani

Neno la Kiingereza "affray" wengi wetu hulikuta kwanza katika hati ya mashtaka, na tukiulizwa maana yake hujibu haraka: mapigano ya hadharani. Jibu hilo limeacha kiini nje. Neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kutisha. Ndugu yake wa damu ni "afraid", yaani mwenye hofu. Katika sheria ya mapokeo ya Uingereza, watu wawili kupigana hakukutosha. Ilibidi mapigano yao yawatie hofu raia wa mfalme. Aliyelindwa ni mpita njia.

Mwaka 1860 Waingereza walipoitungia India Kanuni ya Adhabu, hofu iliondolewa, likabaki sharti la kuvuruga amani ya umma. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyotumika Kenya hadi ilipotungwa nyingine mwaka 1930. Humo, katika kifungu cha 92 cha leo, hata amani haitajwi: yeyote anayeshiriki mapigano mahali pa umma ametenda kosa, na aweza kufungwa mwaka 1.

Sidhani ufupi huo ni wa bahati mbaya. Mtawala wa kikoloni hakuwa na haja ya kuuliza kama mama muuza mboga kando ya barabara ameogopa. Alitaka barabara tulivu na askari mwenye sababu nyepesi ya kukamata. Mkoloni ameondoka, kifungu kimebaki, na upande wa mashtaka hauhitaji kumleta mahakamani hata shahidi mmoja aliyetishika.

Uingereza yenyewe, ajabu, ilirudi ilikotoka. Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1986 ilifuta kosa la mapokeo na kuandika jipya: vurugu au vitisho lazima viwe vya kumfanya mtu wa moyo thabiti, kama angekuwapo, ahofie usalama wake. Si lazima pawe mahali pa umma, wala wagomvi si lazima wawe wawili.

Hapo ndipo wafasiri wetu hukwama. "Rabsha", "purukushani", "fujo": katika yote twasikia kelele na msukumano, hofu ya anayetazama haimo. Kwa kifungu cha 92 yanatosha kabisa. Kwa sheria ya 1986, mfasiri hana budi kuongeza maneno: "vurugu za kutia hofu".