Miaka 100 ya mkasi wa Lotte Reiniger

Mei 2, 1926, walioalikwa katika ukumbi wa Volksbühne mjini Berlin walitazama filamu ndefu ambayo wahusika wake wote walikuwa vivuli. Kisa chenyewe, cha mwanamfalme Achmed na farasi arukaye, kilichotwa katika Alfu Lela Ulela. Aliyeitengeneza, Lotte Reiniger, alikuwa hajatimiza miaka 27.

Karne moja baadaye bado tunasoma kwamba Snow White ya Walt Disney, ya mwaka 1937, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya katuni. Si kweli, na ni dhuluma. Quirino Cristiani wa Argentina alitangulia mwaka 1917, ila kazi yake hiyo imepotea. Kati ya zilizosalia, ya Lotte ndiyo kongwe kuliko zote.

Silaha yake ilikuwa mkasi. Alikata kichwa, mkono, kiganja na paja mbalimbali, kwa kadibodi nyeusi na bati jembamba la risasi, akaviunga kwa waya ili kila kiungo kikunjike. Kisha alimlaza mhusika juu ya meza ya kioo iliyomulikwa kutoka chini, kamera ikiwa juu yake. Anasogeza kiganja kidogo, picha inapigwa. Anasogeza tena, inapigwa nyingine. Sekunde moja ilimeza picha 24.

Fedha zilitoka kwa mwenye benki, Louis Hagen, aliyenunua shehena ya filamu mbichi wakati sarafu ya Ujerumani ikiporomoka. Studio ilikuwa juu ya gereji yake, Potsdam, na kazi ilichukua miaka 3.

Humo ndimo Walter Ruttmann, mchoraji aliyeitwa kutengeneza matukio ya uchawi, alimomkabili Lotte. Kwa simulizi ya Lotte mwenyewe, alimuuliza hadithi hii inahusiana nini na mwaka 1923. Swali zito, maana Wajerumani wakati huo walihitaji mabunda ya noti kununua mkate. Lotte alijibu kwamba haihusiani na chochote, ila yeye yu hai sasa, nafasi ameipata, na anataka kuitumia. Mimi niko upande wa Lotte: msanii haombi ruhusa kwa kalenda. Ruttmann naye alibaki, akatumia mashine ya kukata nta ya Oskar Fischinger kuzaa maumbo yanayojigeuza, huku mwenzao Berthold Bartosch akishughulikia mawimbi ya bahari.

Dosari ipo, na inamuuma msomaji wa huku kwetu: adui mkuu wa filamu ni mchawi anayetambulishwa kuwa Mwafrika. Mkono uliokata vivuli vile vya ajabu haukuikwepa dhana hiyo ya Ulaya ya wakati wake.

Negativu ya filamu iliteketea Berlin mwaka 1945. Lotte alihamia Uingereza, akakata vivuli vya hadithi za watoto kwa ajili ya televisheni, akafariki mwaka 1981. Filamu ilikarabatiwa mwaka 1999 kutokana na nakala iliyosalia, na rangi zake zikarudishwa. Vifaa vya Lotte vinaonyeshwa katika makumbusho ya mji wa Tübingen.