Maseri za nyota kongwe

Maseri za nyota kongwe ni mawimbi ya redio yenye nguvu kubwa yanayotoka katika gesi iliyoizingira nyota inayokaribia mwisho wa uhai wake. Kanuni yake ni ile ya leza. Migongano ya molekuli na mnururisho wa infraredi huzipandisha molekuli nyingi kwenye kiwango cha juu cha nishati. Wimbi linalopita huzichochea ziiachie nishati hiyo, nalo hukua kadiri linavyosafiri.

Monoksidi ya silikoni hung'aa karibu kabisa na nyota, kwenye gigahezi 43 na 86. Mvuke wa maji hufuata, gigahezi 22. Haidroksili, megahezi 1612, iko pembezoni, na ndiyo yenye faida kubwa: mstari wake wa spektra una vilele viwili, kimoja cha gesi inayotujia, kingine cha gesi inayotukimbia. Nyota inapofifia na kung'aa tena, kilele cha upande wa nyuma huchelewa, na muda huo hutupatia kipenyo halisi cha ganda hilo la gesi. Ukilinganisha na upana wake unaoonekana angani, unapata umbali wa nyota bila kukisia mng'ao wake.

Kwa maseri za monoksidi ya silikoni, mfano bora ni nyota TX Camelopardalis. Kuanzia 1997, Philip Diamond na Athol Kemball waliipiga picha mara kwa mara kwa VLBA, mtandao wa darubini 10 za redio wa Marekani. Picha zilipounganishwa kuwa filamu, pete ya vitone vya monoksidi ya silikoni ilionekana ikitanuka, huku baadhi ya vitone vikirudi ndani kuelekea nyota.