Shule "ya Serikali" Ilijengwa na Nani?

 

Muhula uliopita tulihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja ya msingi ya serikali hapa kwetu. Shule hiyo iliasisiwa na Waislamu, na jina lake linaonyesha hivyo. Viti vilipangwa vya kutosha, lakini wazazi tuliofika hatukutimia ishirini. Mzee mmoja alikuwa akipita njiani, akaulizwa mbona haingii. Akajibu, "Hiyo ni ya serikali." Tumeona bora tueleze ilikuwaje ikawa ya serikali, maana vijana wetu wengi hawaijui habari hii.

Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, zaidi ya miaka 30 kabla ya wamishonari wa kwanza kufika mwaka 1877. Lakini baada ya vita vya dini na kuja kwa utawala wa Waingereza, elimu iliangukia mikononi mwa makanisa. Namilyango ilianzishwa 1902, Budo 1906, na huku Busoga wakawa na Mwiri, juu ya kilima kisicho mbali nasi. Serikali ya kikoloni haikuwa na idara ya elimu mpaka 1925, na hata baada ya hapo fedha zake nyingi zilipitia shule za wamishonari.

Mzazi Mwislamu wakati huo alikuwa na mambo mawili tu: ampeleke mtoto shule huku akihofu atarudi na jina la ubatizo, au ambakishe chuoni kwa shehe. Wengi waliwabakisha. Hatuwalaumu, hofu yao ilikuwa na sababu. Ila tulilipa. Tukawa madereva, wachinjaji na wachuuzi, kazi za halali zote, lakini alipotafutwa karani, daktari au mwalimu, kwetu alikuwa nadra.

Na mfano tulikuwa nao. Baada ya vita vya Badr, mateka wa Makka wasiokuwa na mali ya kujikomboa waliachiwa kwa sharti la kuwafundisha kuandika watoto wa Madina, inasimuliwa kila mmoja watoto 10. Walimu wale walikuwa washirikina, na Mtume (S.A.W.) hakuwazuia watoto kusoma kwao.

Katikati ya miaka ya 1940 Waislamu wa Uganda waliunda chama chao cha elimu, UMEA, chini ya Mwanamfalme Badru Kakungulu, yule aliyetoa ardhi ya Kibuli. Mwaka 1945 ikaanzishwa pia Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambapo Aga Khan aliahidi shilingi kwa kila shilingi ambayo Waislamu wenyewe wangechanga. Wazee wetu husimulia kuwa vijijini mwenye ardhi alitoa ardhi, na asiye nayo alifyatua matofali. Hizo ndizo shule tunazopita leo tukisema si zetu.

Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, sheria mpya ya elimu iliziweka chini ya serikali shule zilizokuwa zikipata ruzuku, za makanisa na zetu. Serikali ikawalipa walimu, nasi tukabaki waasisi, wenye viti katika kamati ya shule. Kwa maoni yetu, hapo ndipo tulipolala. Kisha mwaka 1997 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wanafunzi nchini waliruka kutoka milioni 3 na kidogo hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, jambo la kheri kubwa, lakini neno "bure" likatumaliza kabisa. Wachache wanajua kuwa sheria ya elimu ya mwaka 2008 inamwachia mzazi chakula, mavazi na matibabu ya mtoto, tena inamtaka ashiriki katika msaada wa jamii kwa shule.

Sisi walimu wa madrasa hatujitoi katika lawama. Wako miongoni mwetu waliowaambia wazazi kuwa shule inaharibu watoto. Na watoto wanaotujia saa tisa alasiri ni wale wale walioshinda darasani bila kula; mtoto anasinzia juu ya Juzuu Amma, nasi tunamwita mvivu.

Wenye uwezo wamehamishia watoto wao shule za binafsi, ni haki yao. Waliobaki ni watoto wa wajane, wa akina mama wa sokoni, wa waendesha bodaboda. Viti vya waasisi katika kamati vinakaa vitupu, na jirani mmoja tayari anapanda mihogo ndani ya mpaka wa shule.

Katika mkutano ule tulikubaliana kila familia ilete kilo tano za mahindi kwa ajili ya uji. Yanapokelewa uani mwa msikiti kila Ijumaa baada ya swala, na wazazi wasio Waislamu wenye watoto pale wanaleta pia. Mpaka wiki hii yamejaa magunia matatu, na mwenye mashine amekubali kusaga kwa nusu bei.