Mlima Unapoinyima Chopa Pumzi

Ndugu msomaji, kwa vijana wengi wa Bukoba na Muleba helikopta ni kitu cha kampeni. Ikishuka kwenye kiwanja cha mpira, vumbi linatimka, kofia zinaruka, watoto wanachomoka migombani mbio, na mheshimiwa anateremka akipunga mkono. Ndiyo maana ukiuliza kijiweni utaambiwa chopa haina shida. Haitaki uwanja wa ndege, haitaki lami, inapaa popote na kutua popote. Mwenye chopa ndiye mwenye dunia!

Huku kwetu maneno hayo yana ukweli wake. Lakini kule juu, kwenye miamba ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, ni maneno yaliyokwisha kugharimu roho za watu. Katika makala haya nataka tuitazame historia hiyo kwa kifupi: nani walipanda na chopa kwenda kuwashusha wenzao, mlima uliwatenda nini, na sisi tunaoota kuandika riwaya tunaokota nini hapo.

Hesabu ya pumzi

Tuanzie nyumbani. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtu aliyesimama ufukweni Bukoba tayari amempita mtu wa Dar es Salaam kwa zaidi ya kilometa moja kwenda juu, na hewa inayomzunguka ni kama asilimia 90 ya ile ya pwani. Ukipanda mpaka Kamachumu inapungua tena kidogo, ingawa wewe utakachohisi ni baridi tu. Sasa endelea kupanda kwa mawazo. Ukifika mita 5,000 hewa imebaki kama asilimia 60. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, imebaki nusu na ushee. Kwenye Everest, mita 8,849, haifiki asilimia 40.

Helikopta inasimama hewani kwa sababu mapanga yake yanaisukuma hewa kwenda chini. Hewa ikiwa haba, mapanga yanakosa cha kusukuma. Ni kama mvuvi anayepiga kafi kwenye povu badala ya kwenye maji. Papo hapo injini, ambayo nayo inahitaji hewa ili kuunguza mafuta, inaishiwa nguvu. Yaani mlima unaiba mara mbili: unaongeza kazi, halafu unampunguzia nguvu mfanyakazi. Bado kuna lile panga dogo la mkiani, ambalo kazi yake ni kuzuia chombo kisizunguke kama pia. Nalo likikosa hewa, rubani anaweza kukanyaga pedali mpaka mwisho na chombo kikaendelea kuzunguka.

Hapo sijataja jua. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa haba zaidi, kwa hiyo mahali palepale mchana ni kama pamepanda juu kuliko palivyokuwa alfajiri. Mchana huleta pia mawingu na upepo unaogeuka ghafla nyuma ya miamba. Ndiyo maana marubani wa milimani ni watu wa kuamka mapema kama wavuvi.

Kuna na mtego mwingine. Helikopta ikiwa karibu na ardhi tambarare, hewa inayosukumwa chini hukosa njia ya kutoroka haraka, ikawa kama godoro linalokibeba chombo. Kiwanja cha mpira kinalo godoro hilo. Mteremko mkali wa mlima hauna: hewa inamwagika bondeni na rubani anabaki na nguvu za injini peke yake. Kwa hiyo kabla ya kupaa anapiga hesabu ya kilo. Mafuta kiasi gani? Viti vya nini? Twende wangapi, turudi wangapi? Mtu mmoja zaidi anaweza kuwa ndiye aliyezidi.

Batian, 1970

Mwezi Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walipanda Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya, mita 5,199. Walifika. Wahenga walikwisha sema, mpanda ngazi hushuka, na kushuka ndiko kulikowaponza. Tarehe 5 mwezi huo, wakiwa ndiyo kwanza wameanza kuteremka, jiwe lilichomoka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya, mfupa ukatokeza nje. Oelz alimhifadhi mwenzake kwenye mwamba, akateremka peke yake kutafuta msaada, kisha akapanda tena kukaa naye.

Hebu fikiri, msomaji. Mtu amevunjika mguu, yuko zaidi ya mita 5,000 juu, usiku ni barafu, na chini yake kuna kuta za mawe ambazo hata mzima anazishuka kwa kamba. Wapandaji wa Kenya walijitosa kwenda kumsaidia, wakahangaika naye siku baada ya siku. Kule Innsbruck baba yake Judmaier naye alihangaika mpaka kikosi cha waokoaji wa milimani kikapanda ndege kuja Afrika.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye simulizi nyingi humpa mistari michache tu: Jim Hastings, rubani wa helikopta, Mmarekani. Hakuwa ndugu wa majeruhi. Aliirusha helikopta yake kuelekea mlimani katika kazi hiyohiyo ya uokoaji, ikaanguka, akafa.

Judmaier aliteremshwa kwa kamba na mikono ya watu, baada ya zaidi ya wiki nzima mlimani, akiwa hai. Alipona. Oelz aliendelea kupanda, akawa bingwa wa tiba ya maradhi ya mwinuko, na mwaka 1978 akafika kileleni Everest. Hastings hakuwa na mwendelezo. Mtu mmoja aliyesubiriwa kufa aliishi, na mtu mmoja aliyeamka mzima hakurudi nyumbani.

Ulimwenguni helikopta ya kazi kama ile ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa. Wafaransa walikuwa wametengeneza Lama kwa ajili ya matakwa ya jeshi la India huko Himalaya, ikapaa mara ya kwanza mwaka 1969, na mwaka huohuo ikatua na kupaa tena kwenye mita 7,500. Tarehe 21 Juni 1972 rubani Jean Boulet aliipandisha Lama mpaka mita 12,442. Wakati wa kurudi injini ilizima. Akashuka safari yote ile bila injini, mapanga yakizungushwa na upepo wa kule kushuka kwenyewe, akatua salama. Usipime!

Kutoka ng'ambo ya ziwa letu

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, leo kuna mitambo ya kisasa. Basi tuje mwaka 2012. Ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, serikali ilikuwa inapeleka helikopta nne Somalia kuliongezea nguvu jeshi la Umoja wa Afrika. Tatu zilikuwa za kivita, aina ya Mi-24, na moja Mi-17 ya kubeba watu. Jumapili tarehe 12 Agosti walivuka anga ya Kenya wakielekea Garissa. Mi-17 ilifika. Zile Mi-24 zote tatu ziliishia Mlima Kenya.

Moja ilitua kwa shida na waliokuwemo wakaokolewa wakiwa hai. Mbili zilikutwa zimeungua. Wanajeshi saba walikufa.

Mi-24 ni chombo cha chuma hasa, kikijaa kinafika tani 12. Kimetengenezwa kuhimili risasi, hakikutengenezwa kutambaa juu ya vilele. Kimo chake cha mwisho hakifiki hata kilele cha Batian. Taarifa za wakati ule zilitaja hali mbaya ya hewa. Weka pamoja uzito, mawingu na mwamba usioonekana, kimbembe chake utakiona. Wale hawakuwa wamekwenda kuupanda mlima. Walikuwa wanapita tu.

Mmoja mmoja

Lakini historia hii ina upande wa pili, na ndio unaonivutia zaidi kama mtu anayejifunza kutunga visa.

Mei 1996 dhoruba iliwakamata wapandaji wa Everest. Wawili kati ya walionusurika, Beck Weathers wa Marekani na Makalu Gau wa Taiwan, walikuwa wameungua kwa baridi mikono na miguu. Tarehe 13 Luteni Kanali Madan Khatri Chhetri wa jeshi la Nepal aliirusha helikopta mpaka kama mita 6,000, juu ya maporomoko ya barafu ya Khumbu. Alipofika akaona majeruhi wawili. Hesabu yake ilikuwa ya mtu mmoja.

Mwandishi wa filamu za kubahatisha angemfanya awapakie wote wawili, muziki upande, wapone. Madan hakufanya hivyo. Alimchukua Gau, ambaye hakuweza kutembea, akashuka naye, na Weathers akabaki kwenye barafu akitazama mbingu tupu. Hebu jiweke katika dakika zile! Kisha mlio ukasikika tena. Madan alikuwa amerudi.

Kwangu mimi ushujaa wake uko katika mambo mawili yasiyotengana: kukubali kuchukua mmoja, na kurudi. Angepuuza kilo, huenda wangekufa watu watatu. Angetegemea kilo peke yake, asingerudi pahali ambapo chombo chake kilikuwa kinahema.

Tarehe 14 Mei 2005 Mfaransa Didier Delsalle aligusisha helikopta yake, AS350 B3, juu kabisa ya Everest, akakaa hapo dakika karibu nne, na kesho yake akarudia. Wengi walidhani sasa mlima umeshindwa. Lakini alikuwa peke yake, bila majeruhi, na alichagua siku. Mgonjwa hachagui siku.

Kilimanjaro yetu

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kilimanjaro alishushwa na binadamu wenzake. Wapagazi, ambao kule huitwa wagumu, pamoja na askari wa hifadhi, walimfunga kwenye machela ya gurudumu moja na kukimbia naye usiku kwenye mawe, wakipokezana. Kazi hiyo haijaisha. Miaka ya karibuni helikopta za uokoaji zimeongezwa, na safari ya saa nyingi imekuwa ya dakika. Wapo walio hai leo kwa sababu hiyo.

Tarehe 24 Desemba 2025 helikopta iliyokuwa katika kazi ya kuwashusha wagonjwa ilianguka karibu na Kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,000 juu. Watu watano walikufa: rubani, daktari, mwongoza watalii na watalii wawili. Daktari na mwongozaji walikuwa Watanzania. Mkesha wa Krismasi, wenzao wanapanga safari za kwenda nyumbani, wao walikuwa kazini kwa ajili ya wagonjwa.

Watu wa Bukoba tunajua jambo la namna hiyo bila kufundishwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wetu, watu 19 walikufa na 24 wakapona. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Hawakuwa na mtambo wa maana, walikuwa na makafi na kamba. Mwokoaji ni yule aliyeondoka na kile alichonacho, iwe mtumbwi, machela ya gurudumu moja au chopa ya mamilioni. Tofauti ni kwamba chombo kikiwa kikubwa, sisi tunaotazama tunakidhania hakina mwisho.

Chopa ina mwisho. Mwisho wake unaandikwa kwa kilo, nyuzi za joto na mita, na rubani anausoma kila siku kabla ya kuwasha injini. Akisema "hapana, leo siendi", huenda mtu akafa kileleni, na ndugu wa mgonjwa watamlaani. Akisema "naenda", huenda akawa Hastings. Hakuna tajiri wala mheshimiwa anayeweza kumwondolea mzigo huo, maana mlima haupokei chochote.

Wenzangu waandishi chipukizi, tumezoea kuandika juu ya anayepanda mpaka kileleni, bendera mkononi. Napendekeza tuanze kumwandika na huyu mwingine, anayeitwa usingizini alfajiri kwenda kumfuata mtu asiyemjua, akitoa viti nje ili chombo kiwe chepesi. Mpeni jina, mama anayemsubiri, na hesabu yake ya kilo kwenye karatasi. Na mkifika pale anapoona majeruhi wawili na nafasi moja, msimsaidie haraka. Mwacheni achague.